Jaza Kioo

Mama yangu alikuwa mrefu kupita mlango, mwembamba kama njiti ya kiberiti, na mikono yake ilining'inia mpaka magotini. Hivyo ndivyo nilivyomwona, mara moja tu, nikiwa mtoto wa darasa la tatu, na sura hiyo ndiyo niliyoibeba mpaka leo nimekuwa bibi. Najua si kweli. Hakuna binadamu wa namna hiyo hapa Ifakara wala kwingineko. Lakini sikuwa na sura nyingine ya kuweka mahali pake.

Jina lake Emerensiana. Alifariki kabla sijajua kumwita. Alikuwa na picha moja ya studio, aliyopiga siku ya ndoa, na yenyewe ililowa mwaka ambao mto Lumemo ulifurika ukaingia mpaka chumbani. Walipoianika juani lilibaki gauni na maua, uso ukabanduka. Nimewauliza ndugu zake wa upande wa Mahenge alikuwaje, wakanijibu alikuwa mzuri. Kila marehemu alikuwa mzuri. Mimi nilitaka kujua pua yake ilikaaje, na kama akicheka alifumba macho kama ninavyofumba mimi, maana kwa baba tabia hiyo haipo.

Baba yangu, Mzee Hilari, alikuwa mtu wa sinema. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo wanadhani aliigiza. Aliendesha mashine katika ukumbi wa jumuiya hapa Viwanja Sitini, tangu ujana wake mpaka vibanda vya video vilipoingia mjini vikawazoa watazamaji wote. Ukuta wa mbele wa ukumbi ule ulipakwa rangi nyeupe toka kona hadi kona, na wenye kazi yao waliuita kioo. Picha ikiwa finyu, pembeni pakabaki weusi, watu walipiga miluzi wakaita, jaza kioo, jaza kioo. Hapo baba aliifunga lenzi ya pili mbele ya ile ya kwanza, lenzi nzito ya ukubwa wa kikombe, ambayo yeye aliiita kipanuzi, na picha ikafunguka kushoto na kulia mpaka ukuta mzima ukajaa. Alisema katika kazi yake hakuna raha iliyoizidi ile, na hata sasa ukimgusia habari hizo anakaa wima kwenye kiti.

Picha pana ilikuwa na ujanja wake, na mimi nimeusikia tangu utoto mpaka naweza kuufundisha. Waliopiga walitumia lenzi inayobana kila kitu kwa pembeni ili kienee kwenye mkanda. Kwa hiyo ndani ya mkanda watu wote wamekonda na kurefuka, nyumba zimekuwa minara, na ng'ombe ana miguu ya twiga. Kazi ya kipanuzi ni kuwarudishia watu unene wao. Ukionyesha bila kipanuzi utawaona watu, sawa, ila hutamjua hata mmoja.

Katika mikanda yote iliyopita mikononi mwa baba, mmoja ulikuwa wa kwetu. Mwaka niliozaliwa walikuja wageni bondeni kupiga picha ya kilimo cha mpunga. Walitaka bonde lote lienee, kuanzia milima ya Udzungwa hadi vilima vya Mahenge, ndiyo maana wakaja na kamera ya picha pana. Walipiga Mofu, kwenye shamba la babu mzaa baba, wakati wa mavuno, na mama alikuwepo akipeta mpunga. Baadaye mkanda mmoja uliletwa ukumbini kama zawadi, na mji mzima ukauita Picha ya Mpunga. Mama alipofariki, mimi nilipelekwa Namawala kulelewa na bibi. Baba alibaki mjini, na kila sikukuu aliiweka Picha ya Mpunga mashineni, akafunga kipanuzi, akamtazama mke wake ukutani pamoja na ukumbi mzima.

Niliporudishwa mjini kusoma, kipanuzi kilikuwa kimeazimwa, kimekwenda kuonyesha sinema ng'ambo ya mto. Wakaja wakubwa fulani wa ziara, ikaamriwa Picha ya Mpunga ionyeshwe hivyohivyo. Baba alikataa, wakamwambia aache maringo. Basi akaionyesha, na akanisimamisha mlangoni mwa chumba cha mashine, akanionyesha kwa kidole: yule wa mwisho kabisa, kushoto. Nikaona ufito umeshika ungo. Watoto wenzangu walikuwa wanacheka, maana watu wote ukutani walikuwa fito. Mimi nililia kwa hofu, nikidhani ndivyo watu wanavyokuwa wakishakufa.

Kipanuzi kilirudi kimepasuka. Kingine hakikupatikana, si hapa, si Morogoro, si Dar. Baba hakuionyesha tena Picha ya Mpunga. Ukumbi ulipofungwa alipewa mkanda akaondoka nao katika kopo lake la bati, akauweka juu ya kabati. Nilipokuwa msichana niliufungua nikainua kipande juani. Vipicha vidogo kama ukucha vilipangana kwa mamia, na katika kila kimoja mama yuleyule, ufito uleule. Nikaufunga.

Kila nilipomwuliza baba mama alikuwaje, jibu lilikuwa moja. Alikuwa na mabega. Siku tukipata kipanuzi utamwona mwenyewe. Nimepewa jibu hilo nikiwa mwari, nikiwa mke wa mtu, na nikiwa mjane. Kisha macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba amechelewa kuja, na leo hii anajua tu kwamba ni mchana au usiku, na kama kuna mtu amepita mbele ya dirisha. Jibu halikubadilika. Nikaja kuchoka kuuliza.

Sasa nimwingize Fidel. Huyu ni katibu wa kamati ya ukumbi, mtu anayevaa koti katika joto la Ifakara na anayetanguliza "kwa kweli" kila anapotaka kudanganya. Mwaka jana kamati ilipata wafadhili, ukumbi ukapigwa rangi, ukawekwa dari na feni, na mbele kwenye ule ukuta ikafungwa televisheni kubwa sana. Fidel alikuja gengeni kwangu ninapouza mchele akaniambia wanataka siku ya uzinduzi waonyeshe kitu cha historia, na kwamba wazee wote wanaitaja Picha ya Mpunga. Nikamjibu kwa mkato kwamba haina kipanuzi, aende akaonyeshe harusi yake. Akacheka. Akasema siku hizi hakuna haja ya lenzi. Morogoro kuna fundi anaitwa Joshua, ana mashine ya kuhamisha mikanda ya zamani kwenda kwenye kompyuta, na kompyuta inawapanua watu wenyewe kwa kubonyeza tu.

Nilikuwa nampimia mteja. Nikaliacha kopo ndani ya gunia, mteja amesimama na mfuko wake wazi, nikamwambia Fidel arudie. Akarudia. Sikumpenda Fidel hata kidogo, lakini siku ile ningeweza kumpikia.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo fundi anajua kwamba mkanda ule ni wa picha pana. Nikamwambia anajua. Akainuka mwenyewe, akapapasa juu ya kabati, akalishusha kopo na kulifuta vumbi kwa shati. Lilipofunguka lilitoa harufu kali ya siki, akakunja uso, akasema mkanda unaugua, tusichelewe. Sikuwa nimemwona na haraka vile tangu macho yake yafe.

Niseme wazi nilichokitaka, maana watu baadaye wamesema nilikuwa nagombania heshima, wengine wakasema nilitaka kulipwa. Nilitaka kuuona uso wa mama yangu, basi. Nilitaka picha isimame pale alipoinua uso, nichapishiwe, niitundike ukutani. Mjukuu wangu wa kwanza anaitwa Emerensiana, na ameshaniuliza huyo mwenye jina lake alifananaje. Nilimjibu alikuwa na mabega, kisha nikajichukia kutwa nzima.

Mkanda ukaenda Morogoro. Mimi nikaenda Mofu kuvuna, na huko mtandao unashika pale ukipenda. Niliporudi nilimkuta baba amechangamka kama mtu aliyerudishwa kazini. Aliniambia Fidel alikuja na simu, fundi alikuwa na maswali, naye amemwelekeza kila kitu kwa sauti yake mwenyewe. Aliongea juu ya yule fundi kwa mapenzi, kama mwanafunzi wake. Nikamshukuru. Nilimwekea maji ya kuoga na kumpigia pasi shati jeupe kwa ajili ya uzinduzi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, baada ya Misa ya pili. Ukumbi ulijaa. Wazee waliokumbuka walikalishwa mbele, na baba akapewa kiti cha katikati kabisa, nami pembeni yake. Fidel alihutubia hadi feni zikachoka. Alisema kwa kweli kamati imeokoa historia ya bonde, akamtaja baba kwa jina, watu wakapiga makofi, na baba akainamisha kichwa kwa upande ambao hapakuwa na mtu. Mimi sikusikia maneno mengine. Nilikuwa nimeshika kitambaa nikijiandaa kulia vizuri, kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni.

Picha ikaanza. Rangi zilikuwa zimefifia kuelekea wekundu, lakini watu walikuwa watu. Nilishangaa sana. Waliokuwa fito walikuwa na matumbo, na vifua, na ng'ombe amekuwa ng'ombe. Mzee mmoja nyuma yetu alimtambua kaka yake akitembea kwenye jaruba akapaza sauti, na ukumbi ukafurahi. Baba hakuwa na haja ya macho. Aliijua sauti ya msimulizi neno kwa neno, akawa anamtangulia kwa kunong'ona. Sasa mto. Sasa mitumbwi. Sasa mvua. Alikuwa amenishika mkono wa kushoto, na kadiri shamba la Mofu lilivyokaribia ndivyo alivyozidi kuubana.

"Sasa," akasema. "Kushoto kabisa. Anapeta. Unamwona?"

Katikati ya televisheni alisimama mzungu wa kilimo, amevaa kofia, ameweka mguu juu ya trekta. Kulia kulikuwa na wanaume wawili wanapiga mpunga kwa fimbo. Kushoto hapakuwa na mtu. Palikuwa na mwanga wa jua, na makapi. Makapi yalikuwa yanaingia toka ukingoni mwa televisheni, yakipeperuka mbele ya trekta, yakitulia kidogo, kisha mengine yakija. Mara moja ncha ya ungo ilichungulia ikatoweka. Niligeuza shingo, jamani, kama mjinga, nikatazama ukuta pembeni ya televisheni, pale ambapo mama angekuwa. Palikuwa na rangi mpya ya krimu na swichi ya feni.

Baba akauliza tena kama namwona. Nikamwambia hayupo. Akacheka kidogo, akaniambia niangalie vizuri, mwanamke mwenye ungo, siwezi kumkosa, ana mabega. Nikamwambia kushoto ndio mwisho wa televisheni, baba, na pale mwishoni hakuna mwanamke, kuna makapi tu. Msimulizi alikuwa ameshahamia kwenye maghala. Baba akaniachia mkono.

Sina haya ya kusema nilichofanya. Nilisimama katikati ya watu nikamwambia Fidel arudishe nyuma. Akarudisha, akidhani nimefurahi. Mzungu, trekta, makapi. Nikamwambia arudishe tena. Nikaenda mpaka mbele, nikaweka kidole pembeni ya televisheni, nikauliza kwa sauti aliyekuwa hapa yuko wapi. Fidel akaja akiwa amebeba tabasamu lake, akaninong'oneza kwamba kwa kweli picha imejaa vizuri sana, haina hata ule weusi unaokeraga juu na chini, wafadhili wameisifia. Nikamwuliza namba ya fundi. Alisita. Nikamwambia akisita tena nitampa vidonge vyake hapo hapo mbele ya wafadhili wake, akaisoma namba haraka.

Nilimshika baba mkono nikamtoa nje, tukasimama barazani kwenye kivuli. Nilipiga simu nikaweka sauti kubwa. Niliweka makusudi. Nilitaka baba amsikie yule kijana akibabaika, asikie nikimsema, apate mahali pa kuielekezea hasira yake. Ndivyo nilivyopanga katika zile hatua chache toka mlangoni.

Joshua alipokea kwa heshima, shikamoo mama, nami sikumwitikia. Nilimwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kukata watu kwenye picha. Nilimwambia kushoto kwa lile trekta palikuwa na mwanamke, na mwanamke huyo ana mtoto, na mtoto huyo ndiye anayeongea. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kwa sauti ya taratibu kwamba anaomba radhi sana, lakini yeye hakujiamulia, alifuata maelekezo. Nikamwambia ya Fidel. Akasema hapana, ya mzee mwenyewe, mtu wa mashine. Bado anayo sauti yake kwenye simu, akanitumia palepale.

Nikaibonyeza. Sauti ya baba ikatoka, ya furaha, ya mtu mwenye cheo:

"Kijana, hapa anaongea Mzee Hilari. Mle ndani watu wamebanwa, wewe wapanue kwanza. Halafu jaza kioo. Jaza kioo chote, usiniachie weusi hata kidogo. Weusi ni aibu ya mtu wa mashine."

Joshua alieleza yaliyofuata bila ubishi wowote, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliwapanua watu kama alivyoambiwa. Walipopanuka, picha ikawa pana mno, pana kuliko televisheni yoyote inayouzwa. Ukiiweka nzima kwenye kioo inakaa katikati kama mkanda wa suruali, juu weusi na chini weusi, na mzee hakutaka weusi. Basi akaikuza mpaka kioo kikajaa. Ikishakua, alisema, pembeni lazima papotee, kushoto kidogo na kulia kidogo. Alidhani pembeni hapana kitu.

Nilielewa papo hapo. Kwa baba kioo ni ukuta, toka kona hadi kona. Kwa Joshua kioo ni kile kinachopasuka simu ikianguka, ni kile cha televisheni, na dunia nzima siku hizi inasema kama Joshua. Baba alitumia neno la kazini kwake, lile lile ambalo watu walimpigia miluzi, na maana yake kwake ilikuwa: usimwache mtu yeyote nje. Yule kijana alilitii neno hilo akamtoa mama yangu. Nilitafuta mtu wa kumtukana nikakosa, na kukosa huko kuliniuma zaidi ya kukatwa kwenyewe.

Nikamwambia basi, mwanangu, niwekee ile pana, nitakubali weusi, niwekee weusi wote unaoujua. Akasema ile pana hana. Yalikuwa mafaili makubwa kupita kiasi, yalijaza diski zake zote, na katibu aliposema kamati imeridhika aliyafuta ili apokee kazi nyingine. Nikaulizia mkanda. Akasema mkanda ulikuwa umeoza, mama, unanuka siki mpaka jirani walilalamika, umejikunja, ulikatika kila ulipopita mashineni, na mwisho ulikuwa vipande. Alimwuliza katibu kama aurudishe. Katibu alimjibu hauna kazi tena.

"Tulitupa, mama," akasema. "Gari la taka lilipita mwezi uliopita."

Nikakata simu. Ndani ya ukumbi Fidel alikuwa ameianzisha picha upya kwa ajili ya waliochelewa, na msimulizi alikuwa kwenye mto.

Baba alikuwa ametafuta ukuta kwa kiganja akauegemea. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu ya sauti kubwa niliyoiweka mimi. Aliniomba nimrudishie ile sauti yake. Nikamrudishia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akiisikiliza mashine ikitaka kuharibika.

"Nimesema sawasawa," akasema.

Mtu mwingine angemwonea huruma. Mimi nilikuwa na hasira imenifika kooni, hasira ya miaka yote ya kungoja lenzi, na sikuimeza. Nilimwambia umesema sawasawa kabisa, baba, na ndiyo maana hayupo. Nikamwambia kipanuzi hakitakuja tena, mkanda uko jalalani Morogoro, na kompyuta imeshafutwa, kwa hiyo leo habari ya utamwona mwenyewe imekwisha. Umebaki wewe. Wewe ulilala naye nyumba moja. Wewe ulimtazama ukutani kila sikukuu. Nieleze uso wake, nikamwambia, na usinitajie mabega.

Msimulizi alifika kwenye mitumbwi. Watu ndani walicheka kitu. Nilimwona baba akijitahidi, nilimwona kweli, paji la uso limejikunja, yale macho yasiyoona yanahangaika huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo sakafuni.

"Uso uliniondoka zamani, Balbina," akasema. "Kabla ya macho. Kipanuzi kilipopasuka nilikuwa bado ninao, nikawa naona aibu kuuangalia ule mkanda bila chenyewe. Nikasema utakaa. Haukukaa. Siku moja niliutafuta nikapata mabega tu."

Nilimwuliza kwa nini basi miaka yote hakuniambia. Alipojibu alikuwa anaongea kwa upande wa mlango, si kwangu, maana hakujua nimesimama wapi.

"Nilikuwa nakungoja wewe umwone," akasema, "unieleze."

Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye ngazi, nikakaa naye. Nilikuwa bado nimemkasirikia. Msimulizi alifika shambani Mofu, baba akainua kichwa akasikiliza, na mimi sikuwa na cha kumweleza.